Fomu ya kuingia inatokea katikati ya orodha ya boti. Nani amewahi kuona kioja hiki?

#1 Bahari_ya_Amu (Langoni, Lamu)
Assalaam aleikum wanajamvi. Kuna kazi moja hapa Amu inaninyima usingizi. Nimewatengenezea wenye boti ukurasa wa zamu: boti gani iko gati ya Mokowe, ipi iko njiani, abiria wangapi wameshapanda, nani anafuata. Nimetumia Django (ndiyo inayoendesha seva) na htmx (maktaba ndogo ya JavaScript kwenye brauza). Seva inachora jedwali lenyewe, na kila sekunde 10 brauza inaomba kile kipande tu, `hx-get="/zamu/kipande/" hx-trigger="every 10s"`, halafu inakibandika ndani ya div. Hakuna data tupu ya JSON, hakuna React ya kuchora kwenye brauza, hakuna makeke.

Ijumaa nahodha mmoja akanipigia: "Kijana, boti zote zimeondoka, zimeniachia visanduku viwili." Nikashuka gatini. Simu yake ina ufa kutoka pembe hadi pembe na chumvi imeingia ndani ya ufa. Kichwa cha ukurasa kipo, nauli zipo kule chini, na pale katikati pa jedwali pamekaa fomu ya "Jina la mtumiaji / Neno la siri", na nembo yake na menyu yake, kama ukurasa mmoja umemeza mwingine. Akaandika neno lake la siri mbele yangu, akabonyeza. Jedwali likarudi, lakini peke yake, ukurasa mweupe, bila rangi wala menyu, herufi ndogo kama za risiti.

Kosa ni la brauza, la htmx, au langu? Na kwa nini linampata huyu mzee zaidi kuliko wenzake?

#2 PundaHachoki
Lako.

#3 BintiMalindi (Malindi)
Wa aleikum salaam. #2 amesema kweli ila hakujaaliwa adabu.

Sesheni ya nahodha, yaani kumbukumbu ya seva kwamba ameingia, imekufa. Brauza inaomba kipande, seva inaona mtu huyu hajaingia, `login_required` inajibu 302, yaani nenda ukurasa wa kuingia. Ombi lenyewe halikutoka kwenye anwani ya juu, limetoka ndani ya JavaScript, na XMLHttpRequest, chombo cha JavaScript cha kuomba vitu kwa seva, hufuata 302 kimyakimya. htmx haiambiwi kwamba njiani imegeuzwa. Inachokiona mwisho wa safari ni 200, yaani mambo sawa, na HTML nzuri kabisa. Kazi yake ni kubandika, imebandika.

Na ule ukurasa mweupe una sababu yake. `login_required` huongeza `next=/zamu/kipande/`, maana yake "akishaingia mrudishe alikotoka". Alikotoka ni kwenye kipande. Basi amerudishwa kwenye kipande, nacho hakina nguo. Angalia fomu yako, utaiona hiyo `next` imejificha.

#4 Bahari_ya_Amu
Nimeangalia. Ipo. Ahsante dada. Dawa?

#5 BintiMalindi
Kwenye njia za vipande usiitumie `login_required` vilevile ilivyo. Tazama hederi (maelezo yanayosafiri na ombi au jibu) ya HX-Request, htmx huituma yenyewe. Ikiwepo na mtu hajaingia, usijibu 302. Jibu 200 tupu yenye hederi `HX-Redirect` inayotaja ukurasa wa kuingia, na `next` uiandike mwenyewe: `/zamu/`. htmx ikiiona inahamisha ukurasa mzima badala ya kubandika.

Usije ukaiweka hederi hiyo kwenye jibu la 302. Brauza itakuwa imeshaondoka kabla htmx haijaisoma. Mimi nilipoteza siku mbili hapo.

#6 MzeeWaKaskazi (Matondoni)
Yeo mumenikumbusha mbali. Kioja hiki nilikiona kwa mato yangu na `.load()` ya jQuery, maktaba ya zamani ya JavaScript, wakati wa kufanya kazi ya hoteli moja. Mpokezi anabonyeza "Vyumba vya kesho", fomu ya kuingia inamtokea kwenye kisanduku cha upande wa kulia, upana wake kama kiganja. Alikuwa anaijaza humo humo na kazi inaendelea. Alidhani ndivyo tulivyoichora.

Vijana mnaona htmx ni kitu kipya. Kuchukua HTML kwa seva na kuitia ndani ya ukurasa tumefanya toka Google walipovumbua Ajax mwaka 2004.

#7 Kizingitini254
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo nakurekebisha. Google hawakuvumbua. XMLHttpRequest ilitoka Microsoft, ikaja na Internet Explorer 5 mwaka 1999, na iliandikwa kwa ajili ya Outlook ya kwenye wavuti. Jina "Ajax" alilitoa Jesse James Garrett kwenye makala yake ya Februari 2005, akitaja Google Suggest na Google Maps kama mifano. Google waliifanya ionekane, hilo nawapa.

Na htmx yenyewe ina babu: intercooler.js ya Carson Gross, mwaka 2013, iliyokaa juu ya jQuery. Mwaka 2020 akaiandika upya bila jQuery na kuiita htmx. Mwaka huohuo, Desemba, watu wa Basecamp wakatoa Hotwire, ambayo ndani yake mna Turbo, wazo ni lilelile.

#8 MzeeWaKaskazi
Marahaba. Nimekubali ya 1999. Ya hoteli ni kweli tupu.

#9 Nahodha_wa_Kodi
Nawasoma nacheka. Tatizo lote hili ni la kujitakia. Ungekuwa na API ya JSON, sesheni ikifa seva inajibu 401, yaani hujaingia, React inaona 401, inampeleka mtu kuingia. Kwisha. Lakini mmeamua seva ichore HTML kama mwaka 1998, sasa mnashangaa kwamba HTML yoyote ikija inabandikwa. Brauza itajuaje kwamba hii ni orodha ya boti na ile ni fomu?

#10 PundaHachoki
Nahodha wa Kodi, hivi wewe ni nahodha au mtoza ushuru?

#11 BintiMalindi
#9, hoja yako ina nusu ya ukweli. 401 unaweza kuijibu hata na vipande. htmx kwa kawaida haibandiki majibu ya makosa, ya 4xx wala 5xx, kwa hiyo fomu isingetokea jedwalini. Kosa ni la 302, si la HTML. Nimewahi kuona programu ya JSON iliyofuata 302 vilevile, ikapokea HTML ya fomu, ikajaribu kuisoma kama JSON, na mtumiaji akabaki anatazama gurudumu linazunguka mpaka betri ikaisha. Angalau nahodha wa Mokowe aliona visanduku akajua pa kuandika.

Turbo ya Hotwire inalikwepa hili kwa njia nyingine: jibu lisipokuwa na fremu yenye id ileile, haibandiki, inakuandikia kwamba maudhui hayapo. Ndiyo ukali wake na ndiyo uzuri wake.

#12 MwanaShela
Salaam. Naomba nidandie. Mimi nina ukurasa wa nyumba ya wageni, vyumba vitupu vinajionyesha kila sekunde 15. Mgeni anaanza kuandika jina, na majina ya Wazungu mnayajua, akifika katikati kipande kinakuja kinamfutia. Anaanza tena. Kinamfutia. Mmoja alituandikia kwamba tovuti yetu ina jini.

#13 Kizingitini254
Fomu umeiweka ndani ya div inayobadilishwa. Itoe nje. Usipoweza, jaribu `hx-preserve` kwenye kile kisanduku, au utumie idiomorph, ambayo inalinganisha HTML ya zamani na mpya na kugusa palipobadilika tu badala ya kung'oa zote.

#14 PundaHachoki
Jini la Shela hulala sekunde 15 tu? Huyo si mwenyeji, ni mgeni.

#15 Bahari_ya_Amu
Nimeshaweka dawa ya #5. Fomu haitokei tena jedwalini, mtu anapelekwa kuingia kama watu wote. Mungu akubariki Binti.

Swali la pili bado liko palepale, mmelipita. Sesheni nimeiwekea sekunde 1800, nusu saa. Ukurasa unaomba kipande kila sekunde 10, kwa hiyo mtu yuko macho muda wote. Mbona inakufa? Na nahodha huyu anatolewa hata baada ya dakika kumi, wakati utingo wake anakaa nusu saa yake yote.

#16 BintiMalindi
Nusu ya kwanza nyepesi. Django haiongezi muda wa sesheni kwa sababu tu ombi limekuja. Inaihifadhi upya pale data ya sesheni ilipobadilishwa. Kusoma jedwali hakubadilishi kitu. Kwa hiyo nusu saa inahesabiwa toka alipoingia, hata kama ameomba vipande 180. Weka `SESSION_SAVE_EVERY_REQUEST = True`, ila ujue kila kipande kitaandika kwenye hifadhidata.

Dakika kumi sijui.

#17 Kizingitini254
Dakika kumi mimi najua. SECRET_KEY, ufunguo wa siri ambao Django huhakikishia sesheni. Kuna watu wanaizalisha upya seva inapowaka. Ukiwa na wafanyakazi wawili wa gunicorn (programu inayoiendesha Django kwenye seva), kila mmoja ana ufunguo wake. Ombi likiangukia kwa wa kwanza umeingia, likiangukia kwa wa pili hesabu ya sesheni haikubali na anakutoa. Ni bahati nasibu.

#18 Bahari_ya_Amu
Ufunguo unasomwa kwenye faili. Na mfanyakazi ni mmoja, seva yangu ndogo mno.

#19 Kizingitini254
Faili lisipopatikana inafanya nini?

#20 Bahari_ya_Amu
...inazalisha mpya. Nimeona mstari wenyewe sasa hivi. Lakini faili lipo!

#21 Kizingitini254
Lipo leo.

#22 FundiSaa_Mkomani
Mimi si mtu wa programu, natengeneza saa na simu, naingia humu kusoma tu. Mmeiangalia saa ya simu ya huyo mzee? Niliwahi kuletewa simu mbili na wazee zinazosoma saa ya Kiswahili. Wanazirudisha kwa mkono ili saa mbili asubuhi kioo kiandike 2:00, si 8:00. Wanasema simu ndiyo iliyokosea.

#23 PundaHachoki
😂😂😂 Na hawajakosea.

#24 Nahodha_wa_Kodi
Jamani tuko makini hapa.

#25 Bahari_ya_Amu
Wallahi sikutegemea. Nimempigia mjukuu wake akanitumia picha. Simu yangu 8:41, ya babu 2:44. Mjukuu ndiye aliyeigeuza, maana babu alikuwa anamwuliza kila mara "hii nane ni nane gani?"

Dakika tatu za ziada sijui zimetoka wapi.

#26 FundiSaa_Mkomani
Kidole.

#27 Kizingitini254
Ngojeni. Aligeuza saa au aligeuza zoni? Akibadilisha zoni peke yake, ndani simu bado inajua wakati halisi, kuki (alama ya sesheni inayokaa kwenye brauza) haidhuriki. Akizima saa ya mtandao na kuandika kwa mkono, hapo ndipo balaa. Lakini zoni haziwezi kuleta tofauti ya dakika tatu. Kwa hiyo ni mkono.

#28 BintiMalindi
Nakubali ni mkono, ila bado haitoshi. Django inatuma kuki na tarehe ya mwisho (Expires) pamoja na Max-Age, na brauza ikipata zote mbili inafuata Max-Age. Max-Age ni sekunde, zinahesabiwa toka kuki ilipofika. Simu iseme saa mbili, iseme saa saba, sekunde 1800 ni sekunde 1800.

Isipokuwa saa igeuzwe *baada* ya kuingia. Brauza inaiandika mahali kwamba kuki hii inakufa wakati fulani. Ukiirusha saa mbele saa sita, wakati huo umepita. Kuki imekufa papo hapo.

#29 Bahari_ya_Amu
Mjukuu anasema simu wakati mwingine inajirudisha yenyewe na inabidi aigeuze tena.

#30 BintiMalindi
Basi jibu laweza kuwa hilo. Ila kuna "ila". Alipoandika 2:44, aliandika ya mchana au ya usiku? Ikiwa ya usiku, simu iko nyuma saa sita, na kuki ingeishi zaidi upande wa simu, si pungufu. Ikiwa ya mchana, iko mbele.

#31 Bahari_ya_Amu
Kioo kinaonyesha 2:44 tu.

#32 MwanaShela
Nyote mmekimbilia saa. Ulizeni kwanza: manahodha wangapi wanatumia akaunti moja? Kwetu wafanyakazi watatu walikuwa na jina moja la kuingilia. Mmoja akasahau neno la siri, akalibadilisha, wenzake wote wakatolewa. Django hufanya hivyo makusudi, ukibadilisha neno la siri sesheni nyingine zote zinavunjika. Mzee mwenye kidole kizito na kioo chenye ufa atasahau neno la siri mara ngapi kwa wiki?

#33 Bahari_ya_Amu
Yeye na utingo wana akaunti moja. Lakini utingo hatolewi kabla ya nusu saa.

#34 MwanaShela
Kwa sababu utingo ndiye anayebadilisha 🙂

#35 MzeeWaKaskazi
Mimi naona ni Wi-Fi ya kule gatini. Zile za kukubali masharti kwanza, zinakuletea ukurasa wao katikati ya ukurasa wako.

#36 Kizingitini254
Mzee, ingekuwa tovuti ya HTTP ningekufuata. Kwenye HTTPS hawawezi kupachika ukurasa wao ndani ya jibu la seva, cheti hakitakubali. Na fomu aliyoiona ilikuwa na nembo ya Bahari mwenyewe.

#37 MzeeWaKaskazi
Sawa, lakini mtandao wa gatini ni mbaya.

#38 Kizingitini254
Hilo hatubishani.

#39 Nahodha_wa_Kodi
Na hapo ndipo nilipotaka tufike. Mimi hupanda boti kwenda Faza. Mkiingia mlango wa bahari wa Mkanda, simu yangu mara ina mtandao mara haina, na maji yakipwa mnaweza kukaa humo mkingoja yajae. Ukurasa wa vipande bila mtandao ni ubao. Kila ukigusa kitu lazima uende mpaka seva, na seva iko Ujerumani. Programu ya JavaScript ingehifadhi data kwenye simu, mtu apange, achague, atafute, mtandao ukirudi itume.

#40 BintiMalindi
Zamu ya boti iliyohifadhiwa kwenye simu toka saa moja iliyopita ni ya kazi gani? Boti imeshaondoka. Kwa mfano wa Bahari, data ya zamani ni mbaya kuliko data kukosekana. Kwa daftari la mzigo au hesabu ya samaki nakubaliana nawe kabisa, huko vipande havifai.

Seva kuwa mbali, hapo umenigusa. Menyu ya kufungua na kufunga haifai kwenda Ulaya na kurudi. Vitu hivyo viache kwenye brauza.

#41 Bahari_ya_Amu
Nimepima kwa ajili ya mabishano haya. Kipande changu ni kilobaiti 6, kikibanwa kwa gzip kinakuwa 1.1. Kwa saa moja ni maombi 360, karibu kilobaiti 400 bila kuhesabu hederi. JSON ya data ileile ikibanwa ni 0.7. Tofauti ipo, siyo ya kununulia bando jipya.

#42 Kizingitini254
Punguza zaidi. Kama jedwali halijabadilika toka ombi lililopita, jibu 204, yaani hakuna cha kuleta. htmx ikiona 204 haigusi kitu. Usiku boti zikilala jibu 286, itaacha kuuliza kabisa.

#43 Nahodha_wa_Kodi
286? Hiyo namba haipo kwenye HTTP.

#44 Kizingitini254
Ni ya htmx wenyewe. Utani wa kimaskani, 286 ni prosesa ya zamani ya Intel, na kuna msemo wa Kimarekani wa kuacha kitu unaotumia 86. Inafanya kazi lakini.

#45 PundaHachoki
Mmetoka kwenye fomu, mmefika kwenye prosesa. Mzee wa watu bado yuko gatini.

#46 Bahari_ya_Amu
Kweli. Nimeamua hivi: kesho navuka Mokowe nikae naye. Nimeweka seva iandike kila sesheni inapofungwa na kwa sababu gani. Nitamwacha aingie mbele yangu, nitasubiri, mjukuu asiguse simu. Ufunguo wa SECRET_KEY nimeufunga, faili likikosekana seva isiwake kabisa. Yeye na utingo nimewapa akaunti mbili, kila mmoja na yake. Nikifanya yote kwa pamoja sitajua lipi lilikuwa lenyewe, najua, msinirukie.

#47 Kizingitini254
Nilikuwa nishafungua kinywa.

#48 PundaHachoki
Mmeagana saa ngapi?

#49 Bahari_ya_Amu
Saa mbili.

#50 PundaHachoki
Yako au ya simu yake?

#51 MwanaShela
Ukirudi tuambie. Na #13, ile `hx-preserve` imenikatalia. Inataka id, nimeweka id, jina la mgeni bado linafutika. Nibandike kodi hapa au nifungue uzi mwingine?